Kombe Asiyefunguka

Mwezi uliopita tulimzika Baba Mdogo Rashidi kule Lukozi, na siku ya pili ya msiba nilikaa jikoni na wanawake wenzangu tukimenya viazi. Mvua ilikuwa ile ya kwetu ambayo hainyeshi wala haiachi, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetukaa machoni, kwa hiyo hata wasiolia walionekana wanalia. Maongezi yalikuwa ya misibani: nani kaja, nani hakuja, nani kaja mikono mitupu akala sahani mbili. Kisha mke wa mmoja wa vijana wetu, binti aliyeolewa juzi tu, akauliza kama ni kweli marehemu aliwahi kuwa na mke mwingine hapo zamani. Mama mmoja akamjibu, macho hayatoki kwenye kiazi, kwamba alikuwepo mtu wa pwani, na huyo ndiye aliyemuua bibi mzaa baba kwa kombe. Binti akauliza kombe hilo liliandikwa na mwalimu gani. Maana kwetu milimani kombe ni lile linaloandikwa aya kwa zafarani ndani ya sahani, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Wakaanza kubishana, huyu akisema liliandikwa Tanga, yule akisema halikuwa na aya hata moja, mwanamke alikoroga mwenyewe na mambo yake ya kijini. Nimefundisha biolojia karibu umri wangu wote wa kazi na masikio yangu yamezoea upuuzi, lakini huu ulinichoma. Nikaweka kisu chini, nikawaambia kombe aliyeliwa na Bibi alikuwa mnyama, mwenye maganda mawili na mguu mmoja. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu ambaye msiba umemzidi, na mmoja akanisogezea kikombe cha chai.

Mwanamke huyo aliitwa Mwanaidi, nasi tulimwita Mama Mdogo. Nilikaa naye nyumba moja kwa mwaka mmoja tu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikapelekwa kwa Bibi Lukozi kusaidia kazi huku nikisubiri majibu, na majibu yalipotoka hayakunipendelea, nikabaki. Ulikuwa mwaka wa ruksa. Duka la pale njiapanda, ambalo nililijua likiuza viberiti na maneno, sasa lilikuwa na sabuni za rangi tatu, mafuta ya kupaka, na mitumba iliyofunguliwa chini kwenye turubai, watu wakijaribu makoti ya wazungu katikati ya barabara. Kila mtu alisema mambo yamefunguka. Mwaka huohuo kiwanda cha Tanga alikokuwa akitengeneza mashine Baba Mdogo kilipata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakapunguza watu. Akarudi milimani na sanduku la bati, boksi la spana, na mke. Baba Mdogo alikuwa mtu mwema mno na mkimya mno. Nilimpenda nilipokuwa mtoto, na nimemlilia juzi kwa machozi ya kweli, lakini sitasema uongo kwa sababu amekufa. Ukimya wake ule haukuwa upole peke yake.

Nyumba ya Bibi ilikuwa ya udongo, bati juu, vyumba vinne vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja mwembamba wenye giza mchana kutwa. Bibi alilala chumba cha kwanza, karibu na mlango, ili asikie nani anatoka. Shangazi Halima, dada yake Baba Mdogo aliyekuwa ameachika na kurudi nyumbani, alilala cha pili, nami kitanda kimoja naye. Chumba cha nyuma, ambacho ukuta wake ulikuwa unatoka jasho wakati wa masika, akapewa Baba Mdogo na mkewe. Ukuta haukufika juu, kwa hiyo sote tulisikia kila kitu. Nilisikia Mama Mdogo akiuliza kwa sauti ya chini kama huko kwenu jua huwa linatoka mwezi gani. Nilisikia Shangazi akimwambia Bibi kwa Kishambaa, akidhani mgeni hasikii, kwamba mwanamke gani huyu Mwanaidi anavaa koti la mume ndani ya nyumba. Mgeni kweli hakusikia Kishambaa, lakini jina lake alilisikia. Alijifunza kusema "onga makeo", salamu yetu ya asubuhi, akaisema vibaya, na Bibi akaitikia kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa adabu ya kumwambia mtu kwamba yeye ni mgeni.

Mama Mdogo alipotoka kusalimia kwao mara ya kwanza, Kigombe, kati ya Tanga na Pangani, alirudi na gunia dogo la katani lililolowa, linatoa maji ya chumvi kwenye sakafu yote ya ukumbi. Ndani mlikuwa na vitu vya duara kama ngumi ya mtoto, vina mistari iliyonyooka kutoka juu hadi ukingoni, na vinywele vyeusi kama ukungu wa mti. Alikuwa amefurahi kweli. Alikaa kitako jikoni mbele ya Bibi, akatia ncha ya kisu kwenye kimoja, akakipasua ili aonyeshe jinsi kilivyonona. Kikatoka damu. Sisemi maji ya rangi, nasema damu, nyekundu, ikamtiririka hadi kwenye kiwiko. Bibi akavuta miguu yake. Akauliza, "Kimechinjwa na nani?" Mama Mdogo akacheka, akidhani ni utani wa mkwe. Hapakuwa na utani. Bibi alikuwa mtu wa dini kwa namna ya watu wa kwetu, namna ya mikono: anajua kuku anashikwaje, anaelekezwa wapi, nani anasoma, nani asishike kisu. Samaki alimkubali kwa kuwa alimfikia akiwa mkavu, hana habari za damu. Lakini kitu kinachotoka damu mbele ya macho yake bila kusomewa kilikuwa nyamafu, na nyamafu haipikwi kwenye chungu chake.

Mwalimu wa madrasa akaitwa. Alikunywa chai, akakitazama kitu chenyewe kwa mbali, akasema kilicho cha bahari ni halali chote, mwenye kutaka ale. Bibi alimsikiliza kwa heshima zote, kisha alipoondoka akasema mwalimu naye hajawahi kuiona bahari. Wakafika mahali ambapo nyumba nyingi hufika: wapike wapendao, lakini damu isiingie jikoni. Kusafisha na kuchambua kufanyike huko nje, chini ya shamba la migomba, kwenye mfereji. Kikija jikoni kije kimeshaoshwa, kiingie chunguni, basi. Naomba msomaji akumbuke mpango huu. Ulionekana wa busara, hata mimi niliuona wa busara, na ndio ulioua.

Pale mferejini ndipo nilipopata elimu yangu. Shule walinifundisha baadaye, lakini nilichofundishwa shule nilikuwa nimeshakigusa. Mama Mdogo alikaa juu ya jiwe, kanga mbili na koti, miguu ndani ya maji baridi ambayo sisi wenyeji tuliyakwepa, na nyayo zake zilikuwa na makovu meupe ya kukatwa na maganda. Sisi tulisema "hizi kombe", yeye alisema "kombe hawa", kama anavyosema mtu wa ng'ombe. Alinieleza kwamba kombe anaishi kwenye tope, penye majani ya bahari, amejizika na kuacha ukingo tu, na mwanamke anayejua huwaona kwa ufa mdogo kwenye mchanga wakati maji yamekupwa sana, siku za bamvua. Akiwa mdogo hajiziki. Anajifunga kwenye jani kwa uzi mwembamba anaoutoa mwenyewe, anabembea hapo hadi awe mzito, kisha anakata uzi na kushuka topeni, na hapandi tena. Alinionyesha mistari mingine, ile inayozunguka, ya kila alipokua na kila alipokwama. Alinionyesha ganda lenye tundu la duara, safi, kama lililotobolewa kwa msumari, akasema hiyo ni kazi ya konokono, anamkalia juu na kumtoboa taratibu, huyu ndani amefunga mlango asijue adui anaingilia ukutani. Nilimuuliza damu ni ya nini. Akasema topeni hewa ni haba, lazima awe na damu ili aiweke. Sijui aliambiwa na nani. Miaka mingi baadaye nilisoma jambo hilohilo chuoni, kwa maneno marefu zaidi.

Na pale pale alinifundisha kuchambua. Unamshika kombe, unamgonga na mwenzake. Aliye hai atajifunga, hata kama alikuwa ameachama kidogo, na ukimsikiliza utasikia anavyobana. Asiyejifunga amekufa, mtupe, usimuonee huruma. "Kujifunga ni kazi," aliniambia. "Anabana kwa nguvu zake mwenyewe, mchana kutwa. Akifa nguvu zinakwisha, anafunguka." Nikamuuliza mbona jikoni anatupa wale waliofungika. Akasema hao ni baada ya moto. Baada ya moto asiyefunguka hafai. Kabla ya moto ni kinyume chake, aliyefunguka ndiye hafai. Sheria mbili, moja ya mferejini, moja ya jikoni. Mimi nilizijua zote. Bibi na Shangazi, kwa kuwa mferejini hawakukanyaga, walijua moja. Walimwona kwenye moshi, mwiko mkononi, akitoa chunguni wale waliobana na kuwatupa, na walimsikia akisema, kila mara, kama anayepiga bismillahi: asiyefunguka hafai.

Kilichomgeuza Bibi kilikuwa ugonjwa. Kiangazi kile alianza kuchoka, akawa anakaa katikati ya njia ya shamba kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kwenye zahanati wakamfunua jicho, wakasema hana damu. Akarudi nyumbani akiwa ameudhika, akalala akitazama ukuta. Siku chache baadaye nilikuwa nafagia ukumbi nikamsikia anamwita Mama Mdogo, tena kwa kumwita mwanangu, jambo ambalo hajawahi. Akamuuliza kile kidude chake chenye damu kimeisha? Mama Mdogo akasema wamo wachache. Bibi akasema, mtu asiye na damu atakula chenye damu, Mungu anajua nia. Akapikiwa supu na nazi kidogo na ndimu. Alikunywa akiwa amefumba macho, na alipomaliza akasukuma bakuli mbele, maana yake aongezwe. Tangu siku hiyo kaka yake Mama Mdogo akawa anatuma gunia kwa basi la Tanga, linabadilishwa gari pale Mombo, linapanda Soni na Lushoto hadi kwetu. Baridi yetu iliwafaa kombe. Walikaa kwenye gunia lililolowa siku nyingi kuliko huko kwao, na Mama Mdogo alisema angalau kuna kiumbe kimoja cha pwani kinachopenda Lukozi. Bibi akawa anamwitikia salamu kwa Kishambaa. Mama Mdogo akapata mimba, na Bibi mwenyewe, kwa mikono yake, akamhamishia kwenye chumba cha nne, cha mbele, kisichotoka jasho. Mimi nilifurahi mpaka nikaona aibu. Shangazi peke yake ndiye hakula kombe hata tone, wala kunusa hakutaka. Alipika alipoambiwa, akaziba pua kwa kanga.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Mama Mdogo alianza kuvimba miguu na uso, kichwa kinamuuma asione vizuri, akapelekwa hospitali Lushoto, nami nikapelekwa kumuuguza. Nililala chini ya kitanda chake juu ya mkeka. Nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na uji niliokoroga kwenye banda la wauguzaji, na wanawake wa wodi ile waliokuwa wakiulizana mimba zao kama watu wanaoulizana mashamba. Mlima ukashuka sehemu za Soni, barabara ikakatika. Magari yakawa yanaishia Mombo. Mama Mdogo aliniambia, akijaribu kucheka, kwamba gunia la mama mkwe litakuwa limekaa Mombo juani, na nikirudi nyumbani nikawaambie wakilipata walimwage lote, wasichague. Nilisema nitawaambia. Lakini asubuhi iliyofuata alishikwa na degedege, nami sikuondoka, wala asingekuwepo mtu wa kuniruhusu kuondoka. Mtoto alizaliwa hana uhai. Alikuwa wa kike. Muuguzi alimfunga kwenye kitenge cha Mama Mdogo akanipa mimi nimshike mpaka Baba Mdogo afike, na Baba Mdogo alifika jioni, akamchukua bila kusema kitu, akatoka naye kwenye mvua.

Alipofika nyumbani na maiti ya mwanawe, alimkuta mama yake anatapika. Barabara ilikuwa imefunguliwa, gunia limefika siku moja kabla. Bibi, ambaye alikuwa ameisubiri supu yake kwa siku zote zile na kuona nguvu zinamtoka, alimwambia Shangazi apike. Shangazi akaenda mferejini kwa mara ya kwanza. Akamwaga gunia. Wengi walikuwa wamefunguka wazi, kama ganda la mbarika lililokomaa, kama ganda la haragwe lililokauka vizuri, na wachache wa katikati ya gunia, waliokuwa bado na unyevu, walikuwa wamebana. Mtu wa shamba anajua kilichofunguka kimekomaa na kilichobana ni kibichi. Na juu ya hilo alikuwa na sheria kutoka kwa mwenyewe. Asiyefunguka hafai. Akawachagua waliofunguka, akawapika wote. Waliobana akawatupa kwenye shimo la migomba.

Zahanati, dada wa zamu alimuuliza Baba Mdogo mgonjwa ametumia nini. Akasema kombe. Dada, mtu wa Bara aliyehamishiwa huku, alikwishazoea wagonjwa wanaoletwa wakiwa wameshanyweshwa zafarani, akamfokea kwamba nyie watu mtaacha lini kuwapa wagonjwa maji ya maandishi, akampa vidonge vya malaria. Haya aliyasema Baba Mdogo mwenyewe, baadaye sana, alipoulizwa. Alipoulizwa kwa nini hakumsahihisha, alisema yule dada alikuwa amekasirika. Kama angesema ni mnyama wa baharini aliyeoza, labda wangemtundikia dripu, labda wangempakia kwenye gari la mboga hadi Lushoto. Labda isingesaidia, mwanamke asiye na damu ana nguvu gani. Mimi siku hizi sitafuti uhakika hapo. Bibi alikata roho alasiri ya siku iliyofuata.

Niliporudi na Mama Mdogo, tukiwa tumepewa habari njiani Magamba na mtu aliyedhani tunazijua, makaburi mawili yalikuwa yameshafukiwa, kubwa na dogo. Nilikwenda kutupa maji machafu kwenye shimo la migomba nikawaona. Walikuwa pale, juu ya maganda ya viazi, na mvua ikiwanyeshea. Nilimgusa mmoja kwa kidole cha mguu. Akabana. Hai. Nilikaa chini kwenye matope nikaelewa jambo zima kwa mara moja, na sijawahi kuelewa kitu chochote vile tangu siku hiyo, wala darasani, wala kitabuni. Nikakimbia ndani kumwita Shangazi. Akaniambia nisipige kelele, wazee wamekaa.

Kikao kilifanyika siku ya tatu baada ya khitima kumalizika, ukumbini, wanaume kwenye viti, wanawake mlangoni. Shangazi alisema aliyoyafanya, na alisema kweli: alifuata sheria ya mwenyewe, alimsikia mara nyingi, asiyefunguka hafai, na hata huyu mtoto Mariamu ni shahidi kwamba ndivyo alivyosema siku zote. Wakanigeukia. Nikasema ndiyo, lakini hiyo ni baada ya moto, kabla ya moto ni kinyume. Mzee mmoja akauliza kitu gani hicho ambacho sheria yake inageuka ikiguswa na moto. Wakacheka kidogo, kwa kuchoka. Nikasema twendeni shimoni, wale waliotupwa wapo hai, mtaona. Wakatuma mtu. Akarudi na ungo. Lakini zilikuwa zimepita siku tangu nilipowaona, na maji ya mvua si maji yao. Wote walikuwa wamefunguka. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Haya, si mmeona? Nao wamekomaa sasa."

Mama Mdogo alikuwa amekaa chini, maziwa yametoka yakalowesha kanga, hana wa kumnyonyesha. Hakujitetea. Alimuuliza Shangazi swali moja tu, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Wifi, walikuwa wananuka?"

Shangazi akasema, "Hawakunuka."

Hapo ndipo mambo yalipokwisha. Kama hawakunuka hawakuwa wameoza, na kama hawakuwa wameoza, basi kilichoua ni kitu kingine, na cha pwani, na mwenye nacho ni mmoja. Wakamtazama Baba Mdogo. Alikuwa anatazama mikono yake. Alikuwa amekula kombe na mkewe miaka yote ya Tanga, alijua sheria zote mbili kuliko mimi, na neno moja lake lingetosha. Hakulisema. Mzee akamuuliza kama anaendelea na mke huyu au vipi, naye akaendelea kutazama mikono, na ukimya ule wakauhesabu kuwa jibu. Talaka aliitamka siku ya pili, chumbani kwao, kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia. Nilimsindikiza Mama Mdogo hadi njiapanda. Alikuwa na sanduku la bati tu. Aliniambia nijiandikishe masomo ya jioni, nisikae kungoja majibu ya watu. Gari lilikuwa na kabichi hadi juu, akakaa juu ya kabichi.

Nilimwona tena mara moja, nikiwa tayari mwalimu. Nilishuka Kigombe wakati wa bamvua, akanipeleka topeni. Hakuwa ameolewa tena. Kombe walikuwa wadogo, maana waokotaji wamekuwa wengi na wanachukuliwa kabla hawajawahi kuzaa hata mara moja, na alisema atakayekuja kuuliza habari zao baadaye aonyeshwe maganda. Nilimweleza, kwa ujinga wangu wa kisomi, kwamba wataalamu siku hizi wanasema sheria yake ya jikoni si lazima iwe kweli, kombe anayebaki amebana baada ya kupikwa mara nyingi ni mzima tu, msuli wake umegoma. Ile ya mferejini ndiyo yenye maisha ya mtu ndani yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi niliwafundisha isiyo na kazi." Akaendelea kuchokoa. Alifariki miaka michache baadaye, kwa homa, na habari zikanifikia akiwa ameshazikwa.

Sasa nirudi kwenye msiba wa juzi. Baada ya yale ya jikoni nilitoka nje nikamkuta Shangazi Halima amekaa barazani peke yake. Ni kikongwe, haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima na dirisha la jikoni lilikuwa juu ya kichwa chake. Nilimpa shikamoo nikakaa. Tulimsikiliza sote wawili yule binti akieleza upya habari za kombe la zafarani. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Walinuka, Mariamu."

Nikamgeukia.

"Walinuka sana. Mimi nilikuwa sijashuka hata Mombo. Nikadhani ndivyo bahari inavyonuka." Akapangusa macho, sijui kwa moshi. "Siku ya kikao nilikuwa nimeshajua. Lakini ningesema vipi, mama yangu hata tanga halijaanuliwa, kwamba nimemuua kwa mkono wangu?"

Akaniuliza kama Mwanaidi yuko hai, kama tunaweza kumtumia neno. Nilimwambia amekufa siku nyingi. Akanishika mkono, mkono wake mwepesi, hauna joto.

"Kama amekufa," akasema, "basi tuyaache."

Nilimfunika kanga vizuri mabegani, kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka Magamba. Kisha nikainuka, nikaingia jikoni, nikawaambia wote.